Kanda ya Maskati na Tarumbeta ya Baiyun: Muziki wa Katuni za Anga za Kijapani Masikioni Mwetu



Leo sikuja na mada ya fasihi wala ya msamiati. Nimekuja na kisa cha kanda moja ya kaseti, na kosa la kumbukumbu lililokaa kichwani mwangu zaidi ya miaka arubaini bila ya mimi kulijua. Mtanisamehe nikianza na mambo ya kitoto, maana yenyewe ni ya kitoto kweli: katuni za Kijapani za vita vya angani na muziki wake. Lakini ndani yake mna suala ambalo sie tuliozaliwa pwani na kukulia kwengine tunalijua vizuri. Lugha mpya huingia kwa mlango gani? Na ikishaingia, ile ya mwanzo hukaa wapi?

Jioni chini ya mlima

Naishi wilaya ya Baiyun, upande wa kaskazini wa mji. Wengi wenu mkisikia Baiyun mnaukumbuka uwanja wa ndege, au Sanyuanli, kule wafanyabiashara wetu wanakoshukia na mabegi matupu na kuondokea na mabegi yasiyofungika. Mie niko upande wa mlima. Baiyun maana yake mawingu meupe, na mlima wenyewe una jina hilo hilo. Kwa mtu aliyewahi kukaa Oman si mrefu, kilele chake ni mita 382 tu, lakini una miti na upepo, na wastaafu wa Guangzhou hawaachi kwenda. Asubuhi huenda kunyoosha viungo, jioni huenda kupiga muziki. Kila kikundi kina pahala pake: hapa wanaimba opera ya Kikantoni, pale wanacheza dansi, kule mtu mmoja na saksafoni yake anapambana na nyimbo za mapenzi za zamani.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hupiga tarumbeta. Ni mtu wa umri wangu, miaka hamsini na kitu, aliyewahi kuwa katika bendi ya kiwanda. Jioni moja nilikuwa napita na mfuko wangu wa mboga, nikasikia tarumbeta ile inapiga mahadhi ya polepole, ya huzuni, yanapanda yanashuka kama mtu anayeita kutoka mbali. Wallahi nilisimama. Mahadhi yale nilikuwa nayajua noti kwa noti. Mwili mzima ulinisisimka, na mdomoni nikahisi ladha ya chai ya maziwa na mkate wa kumimina.

Nilimngojea amalize nikamwambia kwa Kichina changu cha kuungaunga: "Hiyo ni ya Grendizer! Hiyo ndiyo inayoanza, halafu ndo inaingia nyimbo yenyewe!"

Akanitazama. Akasema hapana. Akaandika kwenye simu yake herufi za Kichina za jina la ile katuni, akanionyesha picha: manowari, meli ya vita ya zamani, inaruka katikati ya nyota. *Yamato*, ambayo wao husoma Dahe.

Nilibishana naye. Mtu mzima, mwalimu wa chuo, na mfuko wa mboga mkononi, nabishana na Mchina juu ya katuni ya Kijapani niliyoitazama kwa Kiarabu. Usiku ule sikulala mpaka nijue nani mkweli.

Maskati, 1980

Nirudi nyuma kidogo ili tufahamiane. Mie mzaliwa wa Unguja, 1971. Baba alitangulia Oman katikati ya miaka ile ya sabini. Mnakumbuka kwamba baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga, na miongoni mwao walikuwamo maelfu kutoka Zanzibar na Bara. Sie, yaani mama, kaka yangu na mimi, tulimfuata 1980. Nilikuwa na miaka tisa, kaka kumi na mbili.

Waliokwenda wakubwa walikwenda na Kiingereza chao na vyeti vyao, wakapata kazi. Sie watoto tulikwenda na Kiswahili na Kiarabu cha chuoni, cha kusoma Msahafu. Hicho cha msahafu hakinunui mkate dukani. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, mtaani watoto walizungumza Kiarabu cha Oman kwa mbio za farasi, na skuli nilikuwa nikifungua mdomo darasa zima linacheka. Nikajifunza kunyamaza. Miezi mizima mie nilikuwa mtoto bubu wa safu ya nyuma.

Kilichonitoa ububu ni televisheni. Na hapa pana jambo ambalo sikulifahamu mpaka nilipokuwa mtu mzima na shahada yangu.

*Grendizer* na Kiarabu kisicho cha mtu

*UFO Robot Grendizer* ni kazi iliyotokana na mchoraji Go Nagai, ikatengenezwa na kampuni ya Toei na kuonyeshwa Japani kuanzia Oktoba 1975 mpaka Februari 1977, vipindi 74. Habari yake kwa ufupi: mwana wa mfalme, Duke Fleed, sayari yake imevamiwa na kuangamizwa na majeshi ya Vega. Anakimbia na lile jitu la chuma liitwalo Grendizer mpaka duniani. Anapokewa na mwanasayansi mmoja anayemfanya kama mwanawe, anapewa jina la Daisuke, anafanya kazi shambani na kuficha asili yake. Maadui wanapomfuata mpaka huku, hana budi kutoka mafichoni.

Hebu isomeni tena habari hiyo kwa macho ya mtoto wa Kizanzibari aliyeko Maskati. Nchi nyuma haipo tena kama ilivyokuwa. Umepokewa, na waliokupokea ni wema, lakini kuna lugha na jina la ndani ambalo hulisemi nje. Sikuyajua hayo nikiwa na miaka tisa. Nilijua tu kwamba Daisuke akikaa peke yake usiku akapiga gitaa na kutazama nyota, mama naye huacha cherehani akatazama.

Katuni ile iliingizwa sauti za Kiarabu Lebanon mwishoni mwa miaka ya sabini, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeshaanza Beirut. Sauti ya Daisuke ilikuwa ya mwigizaji Jihad al-Atrash. Nyimbo ya ufunguzi iliimbwa na Sammy Clark, Mlebanoni ambaye jina lake hasa ni Sami Hobeika, aliyefariki Februari 2022. Ndiye huyo pia aliyeimba nyimbo ya *Kisiwa cha Hazina* kwa Kiarabu.

Sasa, kwa nini iliniponya? Kwa sababu Walebanoni hawakutumia Kiarabu cha Beirut. Walitumia Kiarabu fasihi, fus-ha, ili katuni iuzwe Kuwait, Baghdad, Tunis na Maskati bila ya mtu kulalamika. Fus-ha ni lugha ya vitabuni. Hakuna mtoto anayeinyonya kwa mama yake. Watoto wa Kiomani waliokuwa wakinicheka walipokaa mbele ya Grendizer nao walikuwa wageni kama mimi. Bali mie niliwazidi kidogo. Kile Kiarabu changu cha msahafu, kisichonunua mkate, kilinunua Grendizer. Vitenzi vile vya amri, zile irabu za mwisho zinazotamkwa kamili, nilikuwa nimeshazisoma kwa maalim wangu Unguja nikiwa nimekaa juu ya mkeka. Anga za juu zilikuwa nchi isiyo na lahaja.

Basi nikawa mtafsiri. Wenzangu wananiuliza: kasema nini? Mie nawaambia. Siku ya mwanzo niliyofungua mdomo skuli bila ya kuchekwa nilikuwa naamrisha jitu la chuma liruke.

Maneno mapya, mahadhi ya zamani

Muziki wa asili wa Grendizer uliandikwa na Shunsuke Kikuchi, aliyezaliwa Hirosaki 1931 na kufariki Aprili 2021. Watoto wenu wanamjua bila ya kumjua, kwani ndiye pia wa *Dragon Ball* na wa ile nyimbo ya *Doraemon* ya 1979. Nyimbo ya ufunguzi ya Kijapani iliimbwa na Isao Sasaki pamoja na kwaya ya watoto: tarumbeta mbele, ngoma za mbio, gitaa la umeme linakwaruza chini.

Filamu ikiuzwa nje, kwa kawaida huja na mkondo wa sauti wenye muziki na vishindo peke yake, bila ya maneno, ili mnunuzi atie maneno yake. Kwa hiyo muziki wa ndani ya kipindi, ule wa vita na ule wa huzuni, ulitufikia vile vile ulivyotoka Tokyo. Nyimbo ya ufunguzi ndiyo kila nchi hufanya inavyotaka. Wataliani, walioipata katuni hii Aprili 1978, waliandika nyimbo yao mpya kabisa. Walebanoni waliyaacha mahadhi ya Kikuchi yalivyo, wakayavika Kiarabu.

Msishangae. Hii ni kazi ambayo sie watu wa pwani tunaijua tokea zamani. Nani kati yenu hakukaa arusini akasikia mahadhi ya filamu ya Kihindi yakiimbwa kwa Kiswahili safi? Juma Bhalo wa Mombasa, aliyetutoka 2014, alijenga jina lake kubwa kwa ufundi huo huo: mahadhi ya Bombay, maneno ya pwani, na msikilizaji asione mshono. Wapo walioudharau ufundi ule wakauita wizi. Mie naona aliyewahi kujaribu kuyatia maneno yenye mizani katika mahadhi ya watu hatasema hivyo. Silabi lazima ziangukie pahala pake, na shada la neno lisigombane na ngoma. Kaka yangu alijaribu nyumbani, akatunga Grendizer ya Kiswahili, habari za mbuzi wa jirani aliyekula daftari. Haikuwa na vina lakini ngoma ilikaa sawa.

Manowari iliyofufuliwa

Turudi kwenye usiku wa ubishi. Nilisikiliza ufunguzi wa Grendizer, Kijapani na Kiarabu, mara nyingi mpaka mke wangu akafunga mlango. Mahadhi ya polepole hayamo. Nikatafuta Yamato. Yakatoka dakika ile ile, na si kwa tarumbeta: ni sauti ya mwanamke anayeimba bila ya maneno, "aa" tupu, peke yake, kabla ya bendi kuingia.

*Manowari ya Angani Yamato* ilianza Japani tarehe 6 Oktoba 1974, Jumapili jioni, saa moja na *Heidi*, yule mtoto wa milima ya Uswisi. Heidi alimshinda. Yamato ikakatizwa kwenye kipindi cha 26, pungufu ya vilivyokusudiwa. Habari yenyewe: mwaka 2199 dunia imepigwa mabomu ya mionzi mpaka bahari zimekauka, watu wamejichimbia chini ya ardhi, na umebaki mwaka mmoja tu. Wanaifukua manowari iliyozama zamani, wanaigeuza chombo cha angani, na mabaharia wake wanatumwa sayari ya Iscandar, masafa ya miaka ya nuru 148,000, kuleta mtambo wa kuisafisha dunia. Mwisho wa kila kipindi huandikwa siku zilizobaki.

Iliporudiwa kuonyeshwa, vijana wakaishika. Agosti 1977 ikatolewa kama filamu ya sinema, watu wakapanga foleni, na Desemba mwaka ule ikatoka sahani ya santuri yenye muziki wake uliopangwa kwa okestra kubwa. Siku hizo kutoa muziki wa katuni kwa watu wazima wakae wausikilize tu, bila ya picha, lilikuwa jambo geni. Mtunzi alikuwa Hiroshi Miyagawa, naye kazaliwa 1931 kama Kikuchi, mtu aliyepata jina kwa kuwatungia nyimbo za kisasa wale mapacha wa kike walioitwa The Peanuts. Sauti ya mwanamke ni ya Kazuko Kawashima. Na aliyeimba nyimbo ya Yamato yenye maneno ni nani? Ni Isao Sasaki, yule yule wa Grendizer.

Kuna jambo la ufundi linaloeleza kwa nini muziki huu hung'ang'ania kichwani kuliko muziki wa sinema. Mtunzi wa katuni za televisheni za siku zile hakuandika muziki wa kila kipindi. Aliandika vipande kadhaa kwa mkupuo mmoja: vya vita, vya safari, vya msiba, vya mapenzi, vya hatari inayokuja. Vikarekodiwa, vikawekwa ghalani. Kisha kila wiki mtu wa sauti akachagua ghalani kinachofaa. Kwa hiyo mtoto husikia kipande kile kile cha msiba kila pakiwa na msiba, mwaka mzima. Mpaka mwisho anajua nani atakufa kabla ya picha kuonyesha. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na si kwa picha.

Sawa. Lakini Yamato sikupata kuitazama utotoni. Mahadhi yake yaliingiaje kichwani mwangu, tena yakakaa mbele ya Grendizer kama kichwa juu ya kiwiliwili?

Yalikuwa kwenye kanda

Nilimpigia kaka yangu Maskati. Kabla sijamaliza kueleza, akacheka. "Wewe umesahau kanda ya ami?"

Nilikuwa nimesahau. Ami yetu alikuwa akifanya kazi bandarini, siku zile meli za mafuta za Kijapani zikija Mina al-Fahal kupakia. Baharia mmoja alimpa kaseti, kwa kubadilishana na nini sijui, pengine ubani. Ilikuwa na picha ya meli inayoruka na maandishi tusiyoyajua. Ami aliisikiliza mara moja akasema si muziki wa kuchezeka, akatupa sie. Kaka akaisikiliza mwanzo wake, ile sauti ya mwanamke. Kisha akafanya wanalofanya watoto wote wasio na pesa za kaseti tupu: akaziba zile tundu za juu kwa kipande cha karatasi na gundi, akarekodi Grendizer juu yake.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukirekodi. Redio kaseti inawekwa juu ya kigoda mbele ya televisheni, vidole viwili vinabonyeza kwa pamoja, na nyumba nzima inaamrishwa inyamaze. Kaka hakurudisha kanda mpaka mwanzo. Mwanamke wa Kijapani akabaki pale, anaimba "aa" yake yote, halafu *tak!*, na Sammy Clark anaingia. Tuliisikiliza hivyo miaka miwili au mitatu. Masikioni mwangu ikawa ni nyimbo moja: Grendizer huanza na mwanamke anayelia angani. Si kumbukumbu iliyoharibika, ndugu zangu. Ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa ni kumbukumbu ya ile kanda.

Jirani na mamaake

Nilirudi kwa mpiga tarumbeta kumwomba radhi, nikampelekea tende. Akanitilia chai akanihadithia ya kwake.

Katika miaka ya themanini, watu wa Guangzhou na miji ya delta ya Mto wa Lulu walikuwa wakisimamisha juu ya mapaa antena zenye umbo la mifupa ya samaki, wamezielekeza Hong Kong. Kuna nyakati wakuu walizikataza, watu wakaziteremsha mchana na kuzipandisha usiku. Kwa antena hizo watoto wa Guangzhou walipata katuni za Kijapani zinazosema Kikantoni, lugha yao ya nyumbani, wakati skuli ni Kichina cha taifa. Kanda ya muziki wa Yamato aliletewa na jamaa kutoka Hong Kong, akajifunza kwa sikio.

Lakini mamaake alimkataza kuipiga ndani ya nyumba. Yamato haikuwa jina la katuni tu. Ilikuwa manowari ya kweli ya Japani, kubwa kupita kiasi, iliyozamishwa Aprili 1945. Na Guangzhou iliangukia mikononi mwa jeshi la Japani Oktoba 1938, ikakaa humo mpaka vita vilipokwisha. Mama yule alikuwa mtoto wakati huo. Mwanawe alipiga kipande cha manowari hiyo kwa sababu ni kizuri. Yeye hakuona uzuri, alisikia jina. Nani alikuwa na haki? Jirani aliniambia aliacha kuipiga mpaka mama alipofariki, na tokea hapo huipigia mlimani tu. Nyumbani mpaka leo haipigi. Sikumuuliza zaidi.

Nami nimesoma tahakiki nyingi juu ya sanaa na siasa, lakini sijaona jawabu inayopita hiyo ya kuchagua pahala pa kupigia.

Sekunde tatu

Kaka aliitafuta kanda. Aliikuta ndani ya bati la biskuti, pamoja na funguo za nyumba tusiyokaa tena. Aliipeleka kwa kijana mmoja fundi, ikahamishwa kwenye kompyuta, akanitumia kwa simu.

Kabla ya kuifungua nilikuwa nimesoma jambo jengine juu ya Yamato. Ilipotengenezwa upya kwa jina la *Yamato 2199*, 2012 na 2013, kazi ya muziki alipewa Akira Miyagawa, mtoto wa Hiroshi. Babaake alikuwa ameshafariki, Machi 2006, na karatasi za muziki wa asili zilikuwa zimepotea. Basi akakaa, mtu mzima, akazisikiliza rekodi za baba yake na kuziandika upya kwa sikio, ala kwa ala. Sisi watu wa taarabu tusiocheka na karatasi tunaelewa. Yaliyoandikwa yalipotea, yaliyosikiwa ndiyo yaliyobaki.

Nikaifungua ya kwetu. Mvumo wa kanda. Mwanamke wa Kijapani, sauti yake imevimba kidogo kwa uzee wa utepe. *Tak!* Tarumbeta, Sammy Clark, vishindo vya televisheni yetu. Na katikati, pale nyimbo inapovuta pumzi, kwa mbali, kutoka jikoni, mama.

Anatuita kula. Anataja jina langu, jina la nyumbani ambalo halimo kwenye pasipoti yoyote, na anasema maneno matano ya Kiswahili cha Unguja, ya chakula kinachopoa. Kaka anamwambia kwa ukali wa kitoto, "Shshsh, mama, tunarekodi!" Basi. Hayafiki sekunde tatu.

Mama alifariki 2009. Mie nilikuwa Ulaya, sikuwahi maziko. Tuna picha zake nyingi, na video mbili za harusi ambazo ndani yake bendi inapiga na yeye mdomo unakwenda bila ya kusikika. Sauti yake sikuwa nayo. Na humu imo kwa sababu hakutii amri ya kunyamaza.

Niliuliza mwanzo kwamba lugha mpya ikishaingia ile ya mwanzo hukaa wapi. Kwetu sie ilikaa jikoni, nyuma ya rekodi, na sie wenyewe tuliifanyia shshsh.

Kwa hiyo, na hili ndilo nililokusudia kuwaambieni: kanda zenu zitazameni. Si za arusi tu na za mawaidha. Hizo mlizorekodi redioni na kwenye televisheni, mkakasirika mlango ulipobishwa, ndizo zenye watu ndani yake. Utepe wa sumaku hauishi milele. Unyevu na joto vinaula. Msizichezeshe kwanza kwa kujaribu. Zungusheni kwa kalamu ya risasi polepole, mwone utepe haukushikana. Tafuteni kinanda cha kaseti kilichosafishwa kichwa, unganisheni waya kutoka tundu la spika za masikio mpaka kwenye kompyuta, na rekodini mara ya kwanza mnapochezesha, kwani pengine ndiyo itakuwa ya mwisho. Hifadhini pahala pawili. Msikate mvumo wala kelele za nyuma, fundi akitaka kukusafishieni mkatazeni.

Grendizer hakusahauliwa. Mwaka 2022 Riyadh ilisimamishwa sanamu yake yenye urefu wa mita 33.7, na Julai 2024 ikaanza Grendizer mpya iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Wasaudi wenyewe. Watoto wa rika letu ndio sasa wenye pesa. Kaka alikwenda Riyadh akapiga picha chini ya mguu wa jitu, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kavaa kanzu na kofia, anacheka mpaka jino la mwisho.

Mie jana jioni nilimpeleka jirani yangu simu akaisikilize. Hajui Kiswahili hata neno. Alipofika pale pa mama, aliinua kidole akauliza, "Huyu nani?"

Nikamwambia. Akairudisha nyuma kidogo, akaisikiliza tena, halafu akanirudishia simu kwa mikono miwili, akachukua tarumbeta yake tukapanda mlimani.